Mtumishi na Bwana Amchaguaye

Kazi ya umma ina ajabu yake ambayo haipatikani katika kazi nyingine. Mtumishi wa dukani hamchagui mwenye duka, wala mpagazi hamchagui tajiri mwenye mzigo. Bali mwalimu wa shule ya serikali, mwuguzi wa hospitali ya serikali na mfagiaji wa njia za mji, kila mmoja wao huamka siku ya uchaguzi akatia kura yake sandukuni, na kwa kura hiyo humweka au humwondoa mtu ambaye kesho atampangia mshahara. Asubuhi yu mtumishi, adhuhuri yu mmoja wa mabwana, na jioni yu mtumishi tena. Basi mtu wa namna hii awapimeje wale watakao kumtawala? Na jirani yake, asiyekula mshahara wa serikali bali aulipaye kwa kodi, awapimeje watu wale wale? Ikiwa kila mmoja ana mizani yake, ni ipi iliyo ya haki?

Swali hili liko katika kila nchi yenye uchaguzi, lakini ni mahali pachache lilipoulizwa kwa ukali kama katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako uchaguzi wa gavana ulifanywa mara nne kati ya 2010 na 2018, na mara zote nne jina la mtu mmoja lilikuwa katika karatasi ya kura. Kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki neno gavana lina historia mbili. Wazee walilijua kwa maana ya mtu aliyeletwa na ufalme wa Uingereza, ambaye hakuchaguliwa na ye yote kati ya wale aliowatawala. Wakenya wamelijua tangu 2013 kwa maana ya mkuu wa kaunti aliyepatikana kwa kura. Gavana wa jimbo la Marekani yu karibu na huyu wa pili, ila mamlaka yake ni mapana zaidi. Hutia sahihi sheria au huzikataa, hutayarisha makisio ya mapato na matumizi, na yu mkuu wa maelfu ya watumishi. Tena kuna jambo moja ambalo humfanya awe mzito sana kwa watumishi hao. Sheria ya taifa ya mwaka 1935, iliyowapa wafanyakazi wa makampuni haki ya kujadiliana na waajiri wao kwa pamoja, haikuwagusa watumishi wa majimbo na miji. Haki yao iliachwa mikononi mwa kila jimbo. Kwa hiyo kuwalinganisha wagombea ugavana juu ya mambo ya kazi si mchezo wa wapenda siasa. Kwa mfagiaji wa njia ni kulinganisha kuwa na sauti na kukosa sauti.

Wisconsin haikuwa jimbo geni katika elimu hii. Ilikuwa na sheria ya fidia kwa wafanyakazi walioumia kazini tangu 1911, na mwaka 1932 ilikuwa ya kwanza katika Marekani kutunga sheria ya bima kwa waliokosa kazi. Mwaka huo huo wa 1932 watumishi wa serikali ya jimbo waliunda chama chao katika mji mkuu wa Madison, na kutokana na mbegu hiyo ukaota muungano mkubwa wa watumishi wa umma ujulikanao kwa herufi AFSCME. Mwaka 1959, katika enzi ya Gavana Gaylord Nelson, Wisconsin ikawa jimbo la kwanza kuwapa watumishi wa miji na wilaya haki ya majadiliano ya pamoja kwa sheria. Mahali palipowashwa taa ndipo palipokuja kuzimwa, na hiyo ndiyo sababu kelele zake zilisikika mbali.

Mwezi wa Novemba 2010 Scott Walker wa chama cha Republican, mkuu wa kaunti ya Milwaukee, alimshinda Tom Barrett wa chama cha Democratic, meya wa mji wa Milwaukee. Katika kampeni Walker alisema wazi kwamba watumishi watachangia malipo yao ya uzeeni. Hakusema kwa uwazi wa namna hiyo kwamba majadiliano yao yataondolewa karibu yote. Tarehe 11 Februari 2011, wiki chache baada ya kushika madaraka, alileta muswada ambao baadaye ulikuja kuitwa Sheria ya 10. Hesabu ya mwaka ule ilikuwa na upungufu wa dola milioni 137, na ya miaka miwili iliyofuata ilitazamiwa kupungukiwa dola bilioni 3.6. Muswada ulimtaka mtumishi atoe karibu asilimia 5.8 ya mshahara wake kwa pensheni, na asilimia 12.6 ya gharama ya bima yake ya matibabu. Hayo yalikuwa ya fedha. Lakini ulikuwa na mengine. Majadiliano yangebaki juu ya mshahara wa msingi tu, na nyongeza isingeweza kupita kadiri ya kupanda kwa bei za vitu ila kwa kibali cha wananchi kwa kura. Serikali isingekata tena ada ya chama katika mshahara wa mwanachama. Na kila mwaka chama kingepaswa kupigiwa kura upya na watumishi kiliowawakilisha, kikishindwa kife. Askari polisi na askari wa zimamoto waliachwa nje ya masharti haya.

Hapa pana njia panda ambayo wengi waliipita bila kuiona. Viongozi wa vyama viwili vikubwa, cha watumishi wa jimbo na cha walimu, walitangaza mwezi ule ule wa Februari kwamba wako tayari kukubali makato ya fedha, mradi haki ya majadiliano isiguswe. Gavana alikataa. Tangu saa ile ugomvi haukuwa wa fedha, ingawa pande zote mbili ziliendelea kuunena kwa lugha ya fedha, mmoja akitaja mlipa kodi aliyeelemewa, na mwingine akitaja mwalimu aliyepunguziwa riziki. Mtu anayetaka kupima wagombea kwa haki hana budi kutenganisha mambo haya mawili. Mkate ni kitu kimoja na ulimi ni kitu kingine. Serikali yaweza kukosa mkate wa kugawa, na hakuna aibu katika kusema haupo. Ulimi wa mtumishi hauigharimu hazina kitu. Kinachoigharimu ni yale ambayo bwana, baada ya kusikia, huona haya kuyakataa.

Walker alikuwa na hoja, nayo ni nzito kuliko wapinzani wake walivyotaka kukiri. Katika kampuni, chama cha wafanyakazi hukabiliana na tajiri anayelinda mali yake, na tajiri akitoa kupita kiasi biashara yake itaanguka, wafanyakazi waanguke pamoja naye. Serikalini mambo ni mbali na hayo. Anayeketi kujadiliana na chama si mwenye mali. Mwenye mali ni raia, ambaye hayupo barazani. Aliyepo ni mwanasiasa, na huenda chama kile kile ndicho kilichomchangia fedha na kumpigia kura. Chama huwa kimekuwa mnunuzi na muuzaji katika bei moja. Hata Rais Franklin Roosevelt, rafiki wa wafanyakazi kuliko marais wote waliomtangulia, aliandika mwaka 1937 kwamba majadiliano ya pamoja kama yanavyoeleweka katika makampuni hayawezi kuhamishiwa yote katika utumishi wa serikali. Tena kulikuwa na mtu wa tatu katika Wisconsin: fundi wa kiwandani ambaye kiwanda chake kilifungwa, hana pensheni wala bima, naye hulipa kodi ili mwalimu wa mtoto wake awe navyo vyote viwili. Wivu wa mtu huyu ulidharauliwa sana na wasomi. Haukustahili dharau. Mtu akinyimwa kitu kisha akatakiwa kukilipia kwa ajili ya mwenzake, ana haki ya kuuliza sababu.

Ila hoja hii, ikifuatwa mpaka mwisho wake, haimfikishi Walker alikotaka kufika. Ikiwa kasoro ni kwamba raia hayupo barazani, dawa ni kumleta raia, kwa kufanya majadiliano hadharani au kwa kuweka mipaka juu ya fedha za vyama katika uchaguzi. Kumtoa mtumishi hakumwingizi raia. Kunamwacha mwanasiasa peke yake. Na mwanasiasa aliyeachwa peke yake si mwamuzi bora kuliko wengine. Jimbo lenyewe lilikuwa na ushahidi wa zamani. Mwaka 1974 walimu wa mji mdogo wa Hortonville, baada ya kufanya kazi muda mrefu bila mkataba mpya, waligoma, na mgomo wa watumishi wa umma ulikuwa haramu katika sheria ya Wisconsin. Bodi ya shule iliwafukuza walimu 84. Walimu wakaenda mahakamani, si kwa kudai kwamba mgomo ulikuwa halali, bali kwa kuuliza kama bodi iliyokuwa mshindani wao katika majadiliano yaweza tena kuwa hakimu wao katika adhabu. Mahakama Kuu ya Marekani ilijibu mwaka 1976 kwamba yaweza. Waswahili wana neno lao juu ya kesi ya nyani kupelekewa ngedere, na inaelekea watu wa Wisconsin nao walilihisi jambo hilo kwa lugha yao, kwani miaka michache baadaye jimbo lilitunga sheria ya kuwapatanisha walimu na bodi kwa msuluhishi wa nje. Sheria ile haikutoka katika ukarimu. Ilitoka katika uchungu wa kuona mji mzima umegawanyika, majirani hawasemezani, na watoto wamekaa katika madarasa ya walimu wageni.

Na Memphis, katika jimbo la Tennessee, mwaka 1968, wazoataka wapatao 1,300, karibu wote watu weusi, waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la taka. Walidai chama chao kitambuliwe. Meya alisema kwamba mji hauwezi kutambua chama, kwa maana watumishi wa umma hawana haki hiyo. Martin Luther King alikwenda kuwasaidia na huko ndiko alikouawa tarehe 4 Aprili. Siku chache baadaye mji ulikubali kukitambua chama. Haki iliyosemwa kuwa haiwezekani ikawezekana, na hazina ya mji haikuanguka. Msomaji aone kwamba wazoataka wale walibeba mabango ya kusema kila mmoja wao ni mwanamume. Walitaka senti zaidi, naam. Lakini bango halikutaja senti.

Sharti la kupigia chama kura kila mwaka lastahili kutazamwa peke yake, maana ndilo lililojificha zaidi. Chama kilihitaji asilimia 51 si ya waliopiga kura, bali ya watumishi wote kiliowawakilisha. Aliyekuwa mgonjwa, aliyesahau, aliyekuwa safarini, wote walihesabiwa kuwa wamekataa. Kwa mbele sheria hii yaonekana kuwa ya demokrasia: kwa nini watu wasiulizwe kama bado wanakitaka chama chao? Lakini kipimo cha haki ni kile ambacho mpimaji yu tayari kupimwa nacho. Mwaka 2010 waliompigia Walker hawakufika nusu ya watu wote wenye haki ya kupiga kura katika Wisconsin. Hata mwaka 2012, ambapo watu walijitokeza kwa wingi usio wa kawaida, hawakufika. Kwa kipimo chake mwenyewe gavana asingekuwa gavana, wala hakuna gavana katika majimbo yote ya Marekani ambaye angesalimika. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Kuhusu askari polisi na askari wa zimamoto kuachwa nje, wapinzani walisema haraka kwamba ni malipo ya fadhila, kwa sababu vyama vichache vya askari vilikuwa vimemwunga mkono Walker mwaka 2010. Shutuma hii ni nusu ya kweli, kwa maana vyama vikubwa vya polisi na vya zimamoto vya jimbo zima vilikuwa upande wa Barrett, navyo pia viliachwa. Sababu aliyoitoa gavana ilikuwa usalama: alihofia kwamba askari wangeacha kazi. Tuseme sababu hiyo ni ya kweli. Basi maana yake ni kwamba haki ya kusema ilibaki kwa wale ambao kimya chao kilitisha, ikaondolewa kwa wale ambao kimya chao hakikutisha. Mwuguzi na mwalimu waliambiwa, kwa tafsiri iliyo wazi, kwamba walikuwa wapole mno kustahili kusikilizwa. Ni fundisho la hatari kwa serikali yo yote kuwafundisha watumishi wake.

Jambo la kupendeza ni kwamba askari wa zimamoto hawakulipokea fungu lao kimya kimya. Waliandamana wakiwa na zumari zao mpaka ndani ya jengo la Baraza katika Madison, wakasimama pamoja na walimu, na maandamano yale yalikua mpaka watu wakahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Aliyekuwa kiongozi wa chama chao, Mahlon Mitchell, aligombea unaibu gavana mwaka uliofuata akashindwa. Katika kadhia nzima, iliyojaa watu waliokuwa wakidai haki zao wenyewe, hawa walidai haki ambayo wao walikuwa bado wanayo. Wapo waliosema kwamba walitazama mbele na kujua zamu yao ingefika. Huenda; lakini hofu ya namna hiyo ni ya busara, nayo haiondoi wema wa kitendo.

Jimbo la Ohio lilitoa mfano wa kulinganisha ambao kama ungetungwa na mwalimu wa mantiki usingekuwa bora zaidi. Gavana John Kasich, aliyechaguliwa mwaka ule ule wa 2010, alitia sahihi mwaka 2011 sheria iliyofanana na ile ya Wisconsin, ila yake iliwaingiza polisi na zimamoto pamoja na wengine. Kwa usawa, ilikuwa ya haki zaidi. Katiba ya Ohio huwaruhusu raia kuipinga sheria kwa kura ya moja kwa moja, na tarehe 8 Novemba 2011 kiasi cha asilimia 61 ya wapiga kura waliifuta. Sheria iliyowatenda wote sawa ikafa, iliyowabagua ikaishi.

Katika Wisconsin njia ya kuifuta sheria kwa kura haikuwapo, ikabaki njia ya kumwondoa mtu. Hapo kwanza maseneta 14 wa chama cha Democratic walikuwa wamekimbilia jimbo jirani la Illinois ili akidi ya miswada ya fedha isitimie. Wenzao wakaondoa vifungu vya matumizi, wakaupitisha muswada bila wao, na ulioletwa kwa jina la kutengeneza hesabu ukapita kwa hoja kwamba haukuhitaji akidi ya hesabu. Gavana alitia sahihi tarehe 11 Machi 2011. Kisha zikakusanywa sahihi zaidi ya 900,000 za raia waliotaka kura ya kumwondoa, ambapo zilizohitajika zilikuwa 540,208.

Hapa ndipo ulinganishi wa wagombea ulipofikia kina chake, na wala haukuwa kati ya vyama viwili bali ndani ya chama kimoja. Kumpata atakayeshindana na Walker, Wademokrati walipiga kura ya mchujo mwezi wa Mei 2012, na wawili wakawa mbele: Tom Barrett yule yule, na Kathleen Falk, aliyekuwa mkuu wa kaunti ya Dane kwa miaka kumi na minne. Falk aliahidi kwamba atayakataa kwa kura ya turufu makisio yo yote yatakayomfikia bila kurudisha haki ya majadiliano. Vyama vikubwa vya watumishi vilimkumbatia. Barrett alikataa kuweka nadhiri hiyo. Alisema ataliita Baraza katika kikao maalumu kwa ajili ya jambo lile, naye alipinga Sheria ya 10 waziwazi, lakini hakutaka kujifunga mikono. Tena alikuwa na doa: akiwa meya, mji wake ulitumia nafasi zilizofunguliwa na sheria ile ile kupunguza gharama, na Walker hakuchoka kumkumbusha.

Yupi kati ya wawili hawa alikuwa rafiki wa kweli wa mtumishi? Wengi hujibu haraka kwamba ni aliyeapa. Ahadi ni deni, na adeniwaye hukaa kwa wasiwasi mdogo kuliko atumainiaye. Mtu aliyekwisha kudanganywa mara moja ana sababu nzuri ya kutaka kiapo. Lakini katika kiapo cha Falk mna vitu viwili vilivyofungwa kamba moja. Kwanza ni kiapo cha kutomnyima mtumishi nafasi barazani. Kiapo hicho chaweza kuapwa na mtu mwadilifu bila kusita, maana ni kuapa kusikiliza, na asikilizaye hajafunga neno lo lote. Pili ni rehani aliyoiweka, nayo ilikuwa makisio yote ya jimbo, yaani hospitali, barabara, magereza, na shule zenyewe ambazo walimu hufundisha. Ni kweli kwamba katika Wisconsin makisio yasipopita serikali haifungi milango. Matumizi ya zamani huendelea. Rehani hata hivyo haikuwa mali yake. Falk alikuwa sahihi katika deni na amekosea katika rehani, na inaelekea kwamba vyama vilivyomtaka aape vilitazama ukubwa wa rehani zaidi ya uhalali wake.

Na Barrett je? Meya aichukiaye sheria kisha akala matunda yake huitwa mnafiki, na neno hilo lilitumiwa dhidi yake kutoka pande zote mbili, jambo ambalo si la kila siku. Ila ruzuku ya jimbo kwa miji ilipunguzwa wakati ule ule. Meya aliyekataa kutumia sheria angewafukuza watumishi kazi ili kuonyesha kwamba anawapenda. Unafiki haupo hapo. Ukipo, upo mahali pasipopigiwa kelele: aliyekwisha kuonja wepesi wa kutawala watumishi wasiojadiliana, atakuwa na hamu gani ya kuurudisha uzito? Barrett alisema atafanya, na hakuna sababu ya kusema alidanganya. Lakini nia ambayo haijapata kumgharimu mwenyewe kitu haiwezi kupimwa bado, na mpiga kura wa mwezi wa Mei aliombwa kuipima. Alimchagua Barrett, kwa tofauti kubwa, kwa sababu ambayo pengine haikuhusu maadili hata kidogo: alidhaniwa ataweza kushinda.

Hakuweza. Tarehe 5 Juni 2012 Walker alipata asilimia 53 ya kura, akawa gavana wa kwanza katika historia ya Marekani kuokoka katika kura ya kuondolewa. Waliomtangulia katika mtihani huo, Lynn Frazier wa North Dakota mwaka 1921 na Gray Davis wa California mwaka 2003, waliondolewa wote wawili. Watu husema kwamba fedha zilimwokoa, na ni kweli kwamba alikusanya mamilioni mengi ya dola kuliko mpinzani wake. Lakini wapiga kura walioulizwa siku ile walitoa sababu nyingine inayostahili heshima. Zaidi ya nusu yao walisema kwamba gavana hafai kuondolewa kabla ya muda wake ila kwa utovu wa uadilifu katika kazi. Yaani wapo waliokuwa hawaipendi sheria na bado hawakumwondoa mwenye kuitunga, wakiona kwamba kosa la shauri si kosa la hulka. Mwalimu aliyeumizwa ataona uchungu kusoma hivi. Hata hivyo mtu anayedai kwamba mkataba uheshimiwe mpaka mwisho wa muda wake hawezi kuwalaumu sana wale walioheshimu muda wa gavana.

Tofauti kati ya shauri na hulka ilikuja kupimwa baadaye. Mwezi wa Mei 2012 ilionyeshwa filamu iliyopigwa mwanzo wa 2011, ambamo Walker alimwambia mfadhili wake kwamba vyama vya watumishi wa umma ni hatua ya kwanza, na njia ni kugawanya na kushinda. Alipoulizwa kama atafuatia wafanyakazi wa makampuni kwa sheria ya kuwaruhusu kutolipa ada ya chama kinachowawakilisha, alisema kwamba sheria hiyo haitafika mezani pake. Tarehe 9 Machi 2015 ilifika, naye aliitia sahihi. Kati ya 2010 na 2015 wanachama wa vyama katika Wisconsin walipungua kutoka asilimia 14.2 ya wafanyakazi mpaka asilimia 8.3. Kwa upande mwingine wa mizani, wilaya za shule zilipata uhuru wa kupanga mishahara kwa uhodari badala ya wingi wa miaka, na wapo walimu vijana walioufurahia. Hili husemwa kwa nadra na wale wanaohesabu hasara peke yake.

Mary Burke, aliyeshindana na Walker mwaka 2014, alikuwa mfanyabiashara, na jibu lake lilikuwa safi kuliko yote yaliyotangulia, ingawa halikumfurahisha mtu. Alisema kwamba haki ya majadiliano irudi, na michango ya pensheni na bima ibaki. Alitenga mkate na ulimi, jambo ambalo viongozi wa vyama wenyewe walikuwa wamelitamka mwezi wa Februari 2011 na wote wakalisahau. Walimu waliona kwamba anawapa nusu. Walipa kodi waliona kwamba nusu ile ndiyo itakayozaa nzima. Alishindwa kwa karibu asilimia sita.

Tony Evers, mwalimu wa zamani aliyekuja kuwa msimamizi wa elimu ya jimbo, ndiye aliyemshinda Walker mwezi wa Novemba 2018, kwa kura zisizofika 30,000 kati ya zaidi ya milioni 2.6. Sheria ya 10 haikuwa tena neno kuu la kampeni, na Baraza lilibaki mikononi mwa Republican. Alipotia katika makisio yake mapendekezo ya kurudisha sehemu ya haki zile, yaliondolewa. Kilichofika mahali ambapo magavana hawakufika ni mahakama. Mwezi wa Desemba 2024 jaji wa kaunti ya Dane alitangua sehemu kubwa ya Sheria ya 10, na utekelezaji wa hukumu yake ukasimamishwa kungoja rufani. Hakusema kwamba kila mtumishi ana haki ya majadiliano. Alitazama tu orodha ya wale walioachwa nje ya masharti, akaona kwamba askari wa doria wa jimbo wamo, lakini askari wa jengo la Baraza, askari wa chuo kikuu na walinzi wa wanyama wa porini hawamo, ingawa nao huchukua silaha na wana mamlaka ya kukamata watu. Mawakili wa upande wa pili walitakiwa waonyeshe tofauti kati ya anayelinda barabara kuu na anayelinda msitu, na jaji aliona kwamba hawakuionyesha.